Mvua Haichagui Bati

Urambo,
20 Novemba 2024

Mama Nikhil,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hasira haipunguzi umri, na wewe ni mkubwa wangu. Baada ya hapo naomba univumilie.

Mabati uliyoniuzia yametoboka. Sisemi yamepata kutu kidogo, kama bati lolote linavyopata uzeeni. Yametoboka. Jana ilipopiga mvua ya kwanza ya maana nilisimama katikati ya stoo yangu ya nyuki, nikainua macho, nikaona mbingu. Niliezeka mwaka juzi mwezi wa nane, nilipostaafu reli, na wewe ukaniambia kwa mdomo wako kwamba mabati yale yatamzika aliyeyanunua. Mimi bado nipo, Mama Nikhil. Mabati yamenitangulia.

Hadi sasa ni sita ya upande wa nyuma, juu ya hiyo stoo. Mengine yanajikaza. Ingekuwa ni kuvuja tu ningetega beseni nikanyamaza, lakini maji yetu yote ya kunywa yanatoka juu ya paa lile. Mvua inaangukia bati, mfereji unaipeleka kwenye tangi la saruji, na tangi linatunywesha hadi mwezi wa nane. Kisima cha karibu ni mwendo wa saa nzima. Na unajua kwamba Julieth, binti yangu wa pekee, anakuja mwezi wa kwanza kujifungua. Kwetu uzazi wa kwanza ni nyumbani kwa mama. Mke wangu ameshafua vitenge mara mbili na kitanda amekihamisha mara tatu. Sasa nimlete mtoto mchanga aogeshwe maji yaliyopita kwenye kitu kinachooza?

Mama Julieth mwenyewe ana kikohozi kisichosikia dawa. Chumba chetu cha kulala kimepakana na stoo, na nadhani ni huo unyevu.

Sitaki kurudishiwa kitu. Nataka jibu. Barua anakuletea Omari, kondakta wa basi, naye ndiye atakayeleta majibu. Mpe pia kopo la salfa kama la siku zote, kwa ajili ya masega yangu. Anikabidhi mimi mkononi, asimwachie mtu mwingine nyumbani.

Ni mimi mteja wenu wa tangu enzi za marehemu mumeo,
Sixbert Lugembe

*

Mtendeni, Tabora,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Sixbert,

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika. Tangu masikio yangu yastaafu, watu wanapiga simu, mwanangu Nikhil anapokea, kisha ananieleza maneno matatu kati ya mia. Barua hainifichi kitu, hata matusi naletewa yakiwa mazima.

Mabati yale yalikuwa mazuri. Nimemuuliza Nikhil mara mbili, na mara zote mbili amesema ni ya unene uleule wa siku zote. Duka hili limeezeka nyumba kuanzia hapa hadi Kaliua, na hakuna mwingine aliyeniletea malalamiko ya kuona mbingu.

Sasa sikiliza. Mjukuu wangu Janvi anafundisha kemia sekondari hapa mjini. Alikuwa jikoni anakunywa chai nilipokuwa naisoma barua yako kwa sauti, maana mimi nikisoma kimoyomoyo nasinzia. Akauliza kama nimewahi kusikia habari za mvua ya tindikali. Anasema moshi wa makaa ya mawe, wa viwanda vinavyoyeyusha madini, na wa magari mengi, una hewa fulani zenye ukali. Hewa hizo zikipanda zikakutana na unyevu wa mawingu, zinageuka tindikali, na mvua inashuka nayo. Haianguki lazima pale moshi ulipotoka. Upepo unaweza kuibeba nchi hadi nchi. Na bati ni chakula chake.

Unaona? Si duka langu wala si bati langu. Ni mambo ya dunia.

Nakutumia chupa safi aliyoisuuza Janvi mwenyewe. Ijaze maji ya mvua, ifunge, mpe Omari. Janvi ana kipimo shuleni. Salfa yako nayo imo kwenye mfuko, nimeipima kwa mkono wangu.

Mwambie Mama Julieth anywe tangawizi.

Dada yako,
Saroj

*

Urambo,
29 Novemba 2024

Mama Nikhil,

Shikamoo. Chupa hiyo, imejaa. Ni maji ya mvua ya Jumatatu, yaleyale yanayokula bati langu.

Lakini nikuambie ukweli, ninapata shida kuamini. Mvua hii imewanyeshea watu wa misafara waliopita hapa na pembe mabegani wakielekea Ujiji. Imewanyeshea babu zangu waliokuwa wapagazi. Hakuna aliyefika huko akiwa ametoboka. Leo ndiyo imekuwa na meno?

Hata hivyo nimefikiri jambo. Viwanda hatuna, ila jirani yangu Mabruki analima tumbaku, na bani lake la kukaushia liko mita mia mbili kutoka kwangu, upande upepo unakotokea. Msimu uliopita lilitoa moshi miezi mitatu mfululizo. Mwulize Janvi kama huo moshi unatosha. Mimi nimeanza kumwangalia Mabruki kwa jicho jingine, na bahati mbaya ni mtu anayependa kusalimia.

Nangoja,
Sixbert Lugembe

*

Mtendeni, Tabora,
4 Desemba 2024

Mdogo wangu Sixbert,

Keti kwanza.

Kipimo cha Janvi kinahesabu hivi: saba ni maji yasiyoegemea popote, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Mvua safi, ya mahali popote, huwa ni tano na nusu hivi, kwa sababu hata hewa ya kawaida huitia uchachu kidogo. Ndimu ni mbili. Maji yako ni tatu. Janvi hakuamini, akapima tena, akapata tatu. Anasema hiyo ni kali zaidi ya mara mia tatu kuliko mvua inavyopaswa kuwa.

Nilimtaka anieleze madhara, na sasa natamani nisingemuuliza. Kuna nchi ambako mvua ya namna hii iliua samaki wa maziwa yote, maji yakabaki maangavu na matupu. Inaosha rutuba ya udongo, miti inakuwa ya njano kuanzia kileleni. Inatafuna chuma, inatafuna hata mawe ya majengo. Na ikipita juu ya mabati inaweza kuchukua madini yake na kuyapeleka tumboni mwa mtu. Kuhusu tumbaku ya jirani yako, anasema moshi wa kuni hauna salfa ya kutosha kufanya haya, lakini bado anatafakari.

Msinywe maji ya tangi. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni la mtoto, sikungoja. Jana nilikwenda Chemchem, kwa wakwe zako. Nilimkuta mkweo, mama yake Amon mume wa Julieth, nikamwonyesha namba kwenye karatasi. Amesema Julieth haendi Urambo. Atajifungulia Chemchem, na mtoto hataogeshwa tindikali. Julieth alikaa pembeni ameshika tumbo.

Najua nimekuumiza. Afadhali niwe nimekuumiza mapema.

Saroj

*

Urambo,
10 Desemba 2024

Mama Nikhil,

Shikamoo.

Mama Julieth alipoisoma barua yako alivikunja vitenge vyote, akavirudisha sandukuni, akakaa juu ya sanduku. Hakulia mbele yangu. Alilia alipokwenda kisimani, maana alirudi macho yamevimba na ndoo nusu. Sasa tunachota kwa zamu. Yeye asubuhi na kikohozi chake, mimi jioni na goti langu. Tangi limejaa pomoni, tunalipita kama kaburi.

Juzi nilikwenda kwa Mabruki. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole njiani, lakini alinikaribisha kwa kicheko na upole ukaisha. Nilimwambia moshi wake umemfukuza mjukuu wangu. Akaniuliza, "Mjukuu yupi, huyo ambaye hajazaliwa?" Nikamjibu mambo ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyasema mbele ya wake za watu. Ameacha kusalimia.

Nimefanya kazi reli miaka thelathini na mmoja. Kila kitu kilichoharibika kilikuwa na mahali pake: reli imepinda hapa, nati imelegea pale, unakwenda na spana. Mbingu ikiharibika unakwenda na nini? Nimemkosa binti yangu kwa sababu ya wingu, na wingu halina mwenyewe wa kumshtaki.

Ahsante kwa kupima. Usinitumie salfa mwezi huu, sina moyo wa nyuki.

Sixbert Lugembe

*

Mtendeni, Tabora,
15 Desemba 2024

Babu Lugembe,

Shikamoo babu. Mimi ni Janvi, mjukuu wa Bibi Saroj. Naandika bila yeye kunituma. Amelala mchana, nami nimezichukua barua zako zote nikazisoma upya. Naomba radhi kwa hilo, na kwa jambo kubwa zaidi: nilikubali namba kabla ya kuuliza maswali. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namrudishia daftari.

Babu, mvua haichagui bati. Kwenye barua ya kwanza umesema yaliyotoboka ni sita ya upande wa nyuma, juu ya stoo, na mengine yanajikaza. Yote ni ya siku moja, ya duka moja, na yananyeshewa na wingu moja. Kama mvua ingekuwa na ukali wa namba tatu, yangeoza yote. Mihogo yako ingekuwa na madoa, na bati la Mabruki lingekuwa chujio. Tena huku mjini nimekinga mvua ya wiki hii, ni tano na nusu, safi kabisa.

Kwa hiyo nauliza. Ile chupa uliijazia wapi hasa?

Nakutumia chupa tatu, nimeziandika namba. Ya kwanza: weka beseni safi juu ya kigoda katikati ya uwanja, mbali na paa na mti, ukinge mvua inayotoka juu moja kwa moja. Ya pili: chota kwenye tangi. Ya tatu: jaza palepale ulipojazia ile ya mwanzo, popote pale. Kisha tafadhali panda ngazi, au mtafute mwenye goti zima apande, uniambie mabati yameliwa kuanzia juu au kuanzia chini.

Usimwambie mtu lolote bado, babu. Nisije nikawapa matumaini ya bure, nimeshawapa hofu.

Wako,
Janvi

*

Urambo,
19 Desemba 2024

Mjukuu wangu Janvi,

Marahaba, na Mungu akuzidishie maswali.

Chupa ya mwanzo niliijazia stooni, kwenye beseni nililotega chini ya matundu. Ukimtafuta mwizi hupeleki polisi majirani zake, unampeleka yeye. Niliona maji yanayopita kwenye tundu ndiyo yenye hatia, nikayakamata hayo. Haikunijia akilini kwamba kuna mvua nyingine.

Nimepanda ngazi mwenyewe, Mama Julieth akiishika na kunilaani. Kwa juu mabati yale sita yanang'aa, ukiacha matundu. Kwa chini yamechubuka yote, yana unga mweupe na kutu nyekundu, na yamelowa hata pale ambapo hakuna tundu. Sijawahi kuona bati likiliwa kutoka tumboni.

Chupa tatu hizo hapo. Nimezikinga kama ulivyoagiza, na kigoda nimekisugua.

Babu yako wa Urambo,
Sixbert Lugembe

*

Mtendeni, Tabora,
23 Desemba 2024

Sixbert, mdogo wangu,

Kunywa maji. Sifanyi utani, inuka sasa hivi uchote kikombe kwenye tangi unywe, kisha uendelee kusoma.

Ya kwanza, ya uwanjani: tano nukta saba. Mvua safi. Ya pili, ya tangi: saba na kidogo, kwa sababu saruji huondoa uchachu. Maji mazuri. Janvi ameyapeleka pia kwa rafiki yake anayepima maji, hakukuta madini ya kutisha. Ya tatu, ya stooni: tatu kamili.

Mbingu yako ni nzima. Nimeketi hapa kaunta nalia kama bibi harusi, wateja wanaulizana nani amekufa.

Sasa lililobaki. Janvi amenishika mkono akaniuliza, polepole ili niuone mdomo wake: "Bibi, mzee huyu anachoma nini ndani ya stoo?" Nikageuka nikatazama rafu, na kopo la salfa lilikuwa linanitazama. Miaka yote hii nimekupimia mwenyewe.

Anasema hivi. Ukichoma salfa inatoa hewa kali, ileile inayotoka kwenye mabomba makubwa ya viwanda. Stooni haina pa kutokea. Inapanda hadi kwenye bati. Usiku bati linapoa, unyevu unashika chini yake kama jasho, hewa ile inaingia ndani ya jasho na kuwa tindikali, kisha inadondoka. Umejenga wingu lako mwenyewe, Sixbert, na mvua yake, chini ya paa lako. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kama chumba chenu cha kulala kimepakana na stoo hiyo, basi Mama Julieth hana haja ya tangawizi yangu.

Nina jambo langu pia. Siku ile ulipolalamika, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba Nikhil ameleta mabati membamba na kuyauza kama manene. Alishafanya hivyo na misumari zamani, akaapa hatarudia. Sikukuambia. Janvi alipotaja mvua ya tindikali niliidaka kwa mikono miwili, na namba tatu ilipotoka nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu mwanangu hakuwa mwizi. Nikakimbia Chemchem na furaha hiyo kuitangaza kama hofu. Sikuuliza maji yalitoka wapi kwa sababu sikutaka kujua. Nimekukosea wewe, na binti yako zaidi.

Leo nimemwambia Nikhil nilichomdhania. Alichukua karatasi akaandika kwamba hata yeye angejidhania. Tumecheka hadi nikaumwa mbavu.

Niambie ukweli wa hiyo salfa, nami nitakwenda Chemchem.

Dada yako mwenye haya,
Saroj

*

Urambo,
28 Desemba 2024

Dada Saroj,

Shikamoo. Nilikunywa. Vikombe vitatu.

Ukweli ni huu. Masega matupu huwa nayahifadhi stooni ili niwarudishie nyuki kwenye mizinga ya kisasa, wasianze kujenga upya. Adui yao ni nondo anayekula nta. Fundi mmoja wa nyuki alinionyesha zamani kwamba ukichoma kijiko cha salfa kwenye kigae na kufunga mlango, nondo wote wanakufa. Nikaona kama kijiko kimoja kwa msimu kinafaa, kimoja kwa wiki kitafaa zaidi. Mama Julieth alinikataza mwaka jana kwa sababu ya harufu. Nikamwambia nimeacha. Kila Jumatano akienda mazoezi ya kwaya, mimi nilifunga mlango nikachoma.

Niliisoma barua yako mara mbili kisha nikampa aisome. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nataka mjukuu. Alisoma hadi mwisho, akakohoa, akaniangalia. Akasema, "Jumatano zote hizo nilikuwa namwombea mume wangu kanisani." Ila vitenge vimetoka sandukuni.

Nimefanya haya. Masega nimeyatoa yote. Mabovu nimeyayeyusha nta siku hiyohiyo, maana nondo haishi kwenye nta iliyoyeyushwa. Mazima nimeyatundika kwenye banda la wazi mwisho wa shamba, moja moja, penye mwanga na upepo, kwa kuwa nondo hupenda giza na joto. Salfa iliyobaki nakurudishia, sitaki kuiona. Mabati sita mapya niliyoagiza yamefika, na stoo nimeitoboa madirisha mawili. Mfereji nimeutia kipande cha kugeuza, ili kila msimu mvua ya kwanza ioshe paa na kumwagika nje kabla hatujakinga.

Nilimuuliza Janvi kwa maandishi hao wenye mabomba makubwa wanafanyaje. Amenijibu kwamba pale walipoamua, wanaosha moshi kwa chokaa kabla haujatoka nje, wanaondoa salfa kwenye mafuta kabla hayajachomwa, na wengine wameacha makaa wakahamia umeme wa jua na wa maji. Yale maziwa yaliyokufa, baadhi yana samaki tena. Nimefurahi sana kusikia hivyo, kuliko nilivyotegemea kufurahia samaki wa watu nisiowajua.

Kwa Mabruki nilipeleka ndoo ya asali. Aliipokea, akalamba kidole, akasema nikitaka kumtukana tena nimtaarifu mapema aandae ndoo nyingine. Ameanza kusalimia.

Wewe usiombe radhi. Sote wawili tulikuwa tunamlinda mtu wetu.

Imebaki Chemchem. Ninakuomba, dada.

Sixbert

*

Mtendeni, Tabora,
4 Januari 2025

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Janvi alitaka kuja na kipimo chake nikamkatalia. Namba ndizo zilizotuponza mara ya kwanza.

Nilichukua chupa ya maji ya tangi lako iliyobaki na bilauri moja. Mkweo alinikaribisha vizuri lakini uso ulikuwa umefungwa. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba nilileta maneno kabla hayajaiva, nikamweleza stoo, salfa na kwaya. Alisikiliza. Hakuna kilichobadilika usoni. Mtu aliyetishwa na mtu mzima mwenye mvi hatulizwi na maelezo ya mtu huyohuyo, na hapo alikuwa na haki yake.

Basi nikamimina bilauri ikajaa, nikanywa yote, nikamimina tena. Nilipofika nusu Julieth aliinuka, akanyoosha mkono, akaichukua bilauri kwangu akamalizia. Mama mkwe aliruka kitini. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa kiziwi, maana yaliyosemwa pale yalikuwa mengi na sikuyahitaji.

Vinywa vilipotulia mkweo alikaa, akacheka kidogo akiwa ameshika kichwa. Aliniambia taratibu, ili nione, kwamba nyumba yenye wanawake wawili wa namna hii haina haja ya mwanamume. Amon alikuwa mlangoni muda wote, mikono mifukoni, anatikisa kichwa kukubali chochote.

Julieth alichukua kalamu yangu akaniandikia nyuma ya bahasha: "Bibi, mwambie mama anitandikie upande wa dirishani."

Anapanda basi la Omari Jumatano. Kiti cha mbele, Omari ameapa. Mkweo anamsindikiza mwenyewe na atakaa siku tatu, kukagua. Mpe vikombe vingi vya maji.

Saroj

*

Urambo,
2 Februari 2025

Dada Saroj,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama Julieth kimeisha kabisa, na mkwe wangu, mama yake Amon, alikuja kwa siku tatu na sasa ni wiki ya nne. Alifua nguo zake zote kwa maji ya tangi na kusema Chemchem hakuna povu kama hili.

Julieth amejifungua salama kituo cha afya, Alhamisi alfajiri. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Jana walirudi nyumbani, na walipoingia uwanjani mvua ilianza, kubwa, ya kupiga bati kwa ngumi. Mama Julieth alipasha moto maji tuliyoyachota tangini akamwogesha mtoto barazani. Mimi nilipewa kazi ya kushika taulo. Mtoto alipiga kelele hadi Mabruki akaja kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akabaki hadi chakula cha jioni.

Baadaye nilikaa peke yangu nikafanya hesabu ya watu niliowasingizia tangu mwezi wa kumi na moja. Wewe nakuomba radhi leo. Nikhil nimemwomba, kwa kuwa hata mimi nilimdhania vibaya bila kumtaja. Mabruki amelipwa kwa asali. Mke wangu ninaendelea kumlipa kila Jumatano, namsindikiza hadi mlango wa kanisa na kumngoja. Ilibaki mvua. Hiyo nimeisema vibaya kuliko wote, na mvua haina mlango wa kubisha hodi.

Kwa hiyo nilipoulizwa jina, kwa kuwa Amon na wazazi wake waliniachia heshima hiyo, sikufikiri sana. Tumemwita Mbula, ambalo kwa Kinyamwezi ni mvua. Tunalitaja kwa upendo mara mia kwa siku, wote tuliomo humu, hata mama yake Amon.

Njoo umwone. Maji yapo.

Mdogo wako,
Sixbert Lugembe